Bei ya malakiti iko kwenye karatasi yake

Kipande cha malakiti kutoka mgodi wa Musonoi kinaweza kupewa bei kwa njia mbili. Ya kwanza tunaijua sote: kinatiwa guniani pamoja na mengine, kinafikishwa soko la madini la Musompo, mnunuzi anakielekezea kipimo cha Metorex, anasoma kiwango cha shaba na kobalti, anazidisha kwa kilo na kuhesabu noti. Ya pili ni mnada wa mtandaoni. Huko watu wawili wasiojuana, mmoja yuko Munich na mwingine Osaka, wanakigombania kipande hichohicho kwa ajili ya rangi yake, umbo la fuwele zake na jina la shimo kilikotoka. Njia ya kwanza hulipia metali. Njia ya pili hulipia maelezo yanayoaminika, na hapo ndipo sisi wa Kolwezi tunapopoteza, kwa sababu mawe yetu hutoka Manika, hapa Kolwezi, yakiwa yameshavuliwa maelezo hayo. Anayekuja kupata faida ni yule atakayeyarudisha, au atakayeyabuni. Nasema hivi nikijua kwamba wengi watapinga, hasa wale wanaoamini kwamba tofauti ya bei kati ya Kolwezi na Brussels ni wizi mtupu. Wizi upo. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na jinsi mnada wenyewe unavyofanya kazi, na jambo hilo linaweza kufundishwa.

Kwanza tujue tuna nini mikononi. Miongoni mwa wakusanyaji wa madini, Musonoi ni jina kubwa kuliko miji mikuu mingi. Guilleminite na demesmaekerite zilielezwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi mwaka 1965 kutokana na vipande vya Musonoi. Marthozite ikafuata 1969, derriksite 1971. Kolwezite, yenye jina la mji wetu, iliandikwa 1980. Hizi ni kwa wataalamu, nyingine hazionekani vizuri bila hadubini. Yanayopendwa na watu wengi ni yale ambayo mchimbaji wa kawaida hukutana nayo: malakiti yenye miduara ya kijani iliyokolea na iliyofifia, malakiti ya nyuzi iliyo kama mahameli, kalsiti ya waridi iliyopakwa rangi na kobalti kutoka mgodi wa Mashamba, krisokola ya samawati. Kila siku vipande vya namna hii huvunjwa kwa nyundo ili viingie vizuri guniani. Aliyevivunja hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba kipande kizima chenye uzito wa nusu kilo kinaweza kupata bei ambayo gunia lake halitaifikia.

Sasa mnada. Pierre Omidyar alipoanzisha mwaka 1995 tovuti ambayo baadaye iliitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kimulika cha leza kilichoharibika. Kiliuzwa kwa dola 14.83. Alipomuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba kimeharibika, mnunuzi alijibu kwamba yeye hukusanya vimulika vilivyoharibika. Watu hukisimulia kisa hiki kuonyesha kwamba kila kitu kina mtu wake, na ni kweli. Mimi hukisimulia kwa sababu nyingine: kasoro ilitajwa waziwazi, na bei ikapatikana palepale penye ukweli huo.

Kwenye mnada wa aina ya eBay, mnunuzi huandika kiasi cha juu kabisa anachokubali kutoa, na mashine humpandishia dau kidogo kidogo, kwa kiasi cha kumpita tu aliye nyuma yake. Matokeo yake ni kwamba bei haiwekwi na anayekitaka zaidi. Inawekwa na wa pili wake. William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel 1996, alikuwa ameieleza hesabu hii tangu 1961, kabla ya kompyuta za nyumbani. Tuseme watatu wanakitaka kipande chako: mmoja yuko tayari kutoa dola 120, wa pili 90, wa tatu 60. Kitaondoka kwa 90 na ushee. Mwenye 120 hajakuibia chochote, ila amefaidika kwa kukosekana mwenye 115. Kwa hiyo muuzaji asihangaike kumtafuta tajiri mmoja. Ahangaike kumpata mtu wa pili na wa tatu wanaoamini kile anachoamini wa kwanza.

Na hapa ndipo karatasi inapoingia. Mwaka 1982 wanauchumi Paul Milgrom na Robert Weber walithibitisha kwa hesabu jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulikataa: muuzaji anayejifunga kueleza yote anayoyajua kuhusu bidhaa yake, mazuri na mabaya, kwa wastani hupata bei ya juu kuliko anayeficha. Sababu haina uhusiano na wema. Mnunuzi asiye na uhakika hupunguza dau lake ili kujikinga, kwa kuwa akishinda mnada huenda ameshinda kwa sababu wenzake waliona tatizo ambalo yeye hakuliona. Ukimwondolea shaka, kila dau linasogea juu, na muhimu zaidi, la pili linasogea kulikaribia la kwanza. Katika mfano wetu, picha iliyo na ukungu na maneno mawili tu, “malakiti, Congo”, yanaweza kumbakisha mwenye 120 kwa sababu ana jicho zuri, lakini mwenye 90 atashuka hadi 40, na mwenye 60 ataondoka kabisa. Jiwe ni lilelile, na limeuzwa kwa karibu nusu.

Maelezo yenyewe ni machache. Jina la mgodi, si la mkoa. Mwaka na mwezi kilipotolewa. Uzito kwa gramu na vipimo kwa sentimita. Kasoro zote: ncha iliyovunjika, mahali palipogundishwa, upande uliokatwa kwa msumeno. Picha tano au sita kwenye mwanga wa mchana, kivulini, moja ikiwa na rula pembeni, moja ya nyuma ya jiwe. Wanaoanza hupiga picha za upande mzuri peke yake, na mkusanyaji mzoefu akikosa kuuona mgongo wa jiwe hudhani kuna kinachofichwa.

Karatasi ya zamani ina nguvu kuliko picha, nami nawasihi wenye nyumba ambamo baba au babu alifanya kazi mgodini wasizitupe. Jina la mahali peke yake huitaja tarehe. “Congo belge” haliandikwi baada ya 1960. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilinyang'anywa migodi yake na serikali kati ya mwaka 1966 na 1967, na jina Gécamines likaja mwanzoni mwa miaka ya sabini. Anayeandika “Shaba” kama jina la mkoa anatupeleka kati ya 1971 na 1997. Anayeandika “Lualaba” kama jimbo lenye Kolwezi kwa mji mkuu kwa kawaida ameandika kuanzia 2015, Katanga ilipogawanywa. Kwa njia hiyohiyo karatasi ya uongo hujifichua: jiwe lenye jina la kolwezite na tarehe ya 1972 linahitaji maelezo, maana jina hilo halikuwapo. Wanunuzi wa Ulaya wanayajua haya kwa kichwa. Watoto wa Kolwezi wanayaishi, na bado hawayatumii.

Yapo mambo ambayo husemwa sana na hayana msingi. La kwanza ni kwamba jiwe lazima ling'arishwe. Kung'arisha kunafaa kwa mayai, visahani vya majivu na tembo wadogo wa kuchongwa, bidhaa halali zenye soko lake. Kipande chenye fuwele za asili ni kitu kingine. Ukikipaka mafuta umekitia doa, na ukikiosha kwa asidi umekila, kwa kuwa malakiti ni kaboneti ya shaba na asidi huitoa povu na kuiyeyusha. Mwamba wa kahawia unaoshikilia fuwele nao usiutoe, kwa sababu ndio unaoonyesha jiwe lilivyokaa ardhini. Na kwa wachongaji: vumbi la malakiti ni sumu ya shaba. Kateni kwa maji, mvae barakoa, watoto wakae mbali.

La pili ni kwamba bei anayoiandika muuzaji wa Ulaya ndiyo thamani. Mtu anaona malakiti imetangazwa kwa dola 2,000, anarudi kwa mchimbaji na kumwambia tajiri yuko njiani. Tangazo ni tamaa ya muuzaji. Tazama orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, ambayo eBay huionyesha, uone walitoa kiasi gani kweli. Halafu ondoa ada ya mnada, ada ya kuhamisha pesa, usafirishaji na hatari ya kuvunjika njiani. Kinachobaki ndicho cha kugawana. Mara nyingi ni kidogo kuliko ndoto, na bado ni kikubwa kuliko gunia.

La tatu ni kuanza na bei ya juu ili usionewe. Kwa kitu ambacho wengi wanakitaka, bei ndogo ya kuanzia huleta watu, na watu ndio hupandisha. Kwa kitu adimu chenye wapenzi watatu duniani kote, bei ndogo ni hatari: ikiwa wawili hawakuingia siku hiyo, kimekwenda bure. Hapo weka kiwango cha chini ambacho hutauza chini yake. Hakuna kanuni moja, ila kosa la kawaida kwetu ni kutaja bei ya juu kwa malakiti ya kawaida iliyojaa kila mahali, na bei ya chini kwa kipande adimu ambacho hakuna aliyekitambua.

Wanaonunua nao wana mtego wao. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kwamba makampuni yaliyokuwa yakishinda minada ya vitalu vya mafuta yalikuwa yakipata faida ndogo kuliko yalivyotarajia. Anayeshinda mnada wa kitu kisicho na thamani ya uhakika mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Ukinunua mtandaoni sarafu au jiwe, andika kiasi chako kabla mnada haujachangamka na usikiguse tena. Kuhusu tabia ya kusubiri sekunde za mwisho, wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha mwaka 2002 minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa maalumu, na ile ya Amazon ya wakati huo, ambayo iliongezwa muda kila dau jipya lilipoingia karibu na mwisho. Kuvizia kulijaa eBay na kulipungua sana Amazon. Basi tabia ya watu ilifuata kanuni ya kufunga.

Hili linahusu moja kwa moja vikundi vya WhatsApp na Facebook ambamo watu wetu huuziana vitu kwa kutaja dau. Umeme wa SNEL ukikatika saa moja jioni na mtandao ukasuasua, mnada unaofungwa saa mbili kamili humpa ushindi mwenye jenereta. Msimamizi atangaze kwamba kila dau linaloingia katika dakika kumi za mwisho linaongeza dakika kumi nyingine. Atangaze pia kwamba yeye, muuzaji na ndugu zao hawatataja dau. Rafiki anayepandisha bei kwa uongo anaonekana kuleta faida mara moja, kisha kikundi kizima kinajua, na kila mnunuzi anaanza kushusha dau lake kwa shaka. Ni hesabu ileile ya Milgrom na Weber ikirudi kutudai.

Kuhusu malakiti za bandia, sitazunguka. Zipo za plastiki, na zipo za unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi. Ya kweli ni nzito, karibu mara nne ya maji, ni baridi mkononi, na mistari yake haijirudii kwa usawa. Ya plastiki hupata joto upesi na mistari yake imenyooka mno. Anayeuza bandia kwa jina la Kolwezi anaharibu jina ambalo sote tunalitegemea, na wauzaji wenzake wawe wa kwanza kumkataa.

Vipo vitu ambavyo nasema visiuzwe kabisa. Misalaba ya shaba iliyochimbwa makaburini na katika makazi ya kale ndiyo ya kwanza. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba miaka ya 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya sabini. Misalaba mikubwa ilikutwa imewekwa vifuani mwa marehemu. Katika makaburi ya baadaye ilikuwa midogo, mingi, karibu na mikono na nyonga. Kutokana na mahali ilipolala tu, watafiti waliweza kuona jinsi kitu cha heshima kilivyogeuka kuwa pesa, karne nyingi kabla ya faranga. Msalaba uliong'olewa usiku na kupigwa picha juu ya kitambaa cha mezani umepoteza habari hiyo yote na hakuna mnada utakaoirudisha. Sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni ya nchi hii. Mwenye kuokota msalaba auache ulipo, apige picha ya mahali, na awajulishe watu wa makumbusho Lubumbashi.

Anayetaka alama hiyo kwa halali ana njia nzuri. Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960 na kuishia hapa Kolwezi Januari 1963, ilitoa sarafu mwaka 1961 za faranga 1 na faranga 5, zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Stempu zake pia zipo. Vitu hivi hukaa kwenye makopo ya bibi zetu na huuzwa kila wiki katika minada ya Ulaya. Visisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia shaba: mkusanyaji hulipia ile ngozi ya kahawia ya miaka sitini.

Cha pili nisichotaka kiuzwe ni madini ya urani. Cuprosklodowskite ya Musonoi, yenye sindano za kijani kama zumaridi, ni miongoni mwa mawe mazuri kuliko yote yaliyotoka katika ardhi yetu, na wakusanyaji wanaitamani. Ina mionzi. Guilleminite na wenzake nao pia. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na vipande vya namna hii havina nafasi ndani ya kabati la chumba anacholala mtoto wala ndani ya bahasha ya posta. Sindano zozote za kijani au za manjano usizozitambua ziwekwe nje, ndani ya kopo lililofungwa, mpaka mtu mwenye kipimo cha mionzi aziangalie.

Kwa yaliyobaki, ninachopendekeza kinaweza kuanza bila fedha nyingi. Ushirika wa wachimbaji uwe na daftari moja: kila kipande kizuri kinachookolewa kabla ya nyundo kipewe nambari, jina la shimo, tarehe, uzito, na nambari hiyohiyo ibandikwe chini ya jiwe. Chuo Kikuu cha Kolwezi kina vijana wanaosoma jiolojia. Siku moja kwa mwezi wakae mezani Manika kuwatambulia watu mawe yao, wakiitumia Mindat, hazina ya maelezo ya madini ambayo imekuwa wazi mtandaoni tangu 2000, na kazi hiyo ihesabiwe katika masomo yao. Kabla ya kipande chochote kuvuka mpaka, ushirika uende Division des Mines na CEEC, kituo cha serikali cha kuthibitisha madini, kuuliza karatasi zinazohitajika, maana sampuli ya jiwe ni madini mbele ya sheria, na forodha ya Kasumbalesa haitauliza kama ilikusudiwa kwa kabati la vioo.

Malipo na posta ndiyo sehemu ngumu. Muuzaji wa Kolwezi mwenye Airtel Money au M-Pesa hawezi kupokea kirahisi pesa ya mnada kutoka kwa mkusanyaji wa Munich, kwa hiyo wengi humtegemea ndugu aliye Brussels au Lille. Hakuna ubaya, mradi makubaliano yaandikwe kabla jiwe halijaondoka: asilimia ya nani, nani analipa usafirishaji, nani anabeba hasara likivunjika, na kwamba kiungo cha mnada kitatumwa kwa ushirika ili kila mwanachama aone dau la mwisho kwa macho yake. Nimeona undugu ukivunjika kwa kukosa karatasi hiyo moja. Mnada wa mtandaoni una uzuri ambao Musompo haijawahi kuwa nao: bei ya mwisho iko wazi, na mchimbaji mwenye simu ya kawaida anaweza kuisoma. Kwa kuanzia, jukwaa lenye wataalamu wanaokagua kila kitu kabla hakijapigwa mnada, kama Catawiki ya Uholanzi, linafaa kuliko soko la wazi, kwa kuwa muuzaji mgeni asiye na sifa yoyote huazima sifa ya mkaguzi. Ushirika uanze na vipande vitano, vyenye karatasi kamili, na hesabu yake isomwe mkutanoni mbele ya waliovichimba.